Periplus, Ptolemaios au Kosmas: ukiitafuta pwani ya Azania kwa Wagiriki, ushike kitabu kipi?

Ukiacha kutajwa kwa juu juu huku na kule, Wagiriki wametuachia vitabu vitatu vinavyoifikia pwani ya Afrika Mashariki, ile iliyoitwa Azania. Cha kwanza ni Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa katikati ya karne ya 1 na Mgiriki wa Misri ambaye jina lake halikubaki. Cha pili ni Jiografia ya Klaudios Ptolemaios, mtaalamu wa nyota na ramani wa Aleksandria, ya mnamo mwaka 150. Cha tatu ni Topografia ya Kikristo, iliyoandikwa mnamo mwaka 550 na mfanyabiashara wa Aleksandria anayejulikana kama Kosmas Indikopleustes, wakati Justinianus anatawala Konstantinopoli.

Mwalimu wa historia, mwongoza watalii wa Bagamoyo au Lamu, mwanafunzi anayeandaa tasnifu: kila mmoja hufika mahali akauliza aanze na kipi. Jibu fupi ni kwamba kwa habari za pwani yenyewe, watu wake, vyombo vyake na biashara yake, Periplus haina mpinzani. Ptolemaios anafaa kwa anayetaka kujua ramani ya dunia ilichorwaje na ilikosewa wapi. Kosmas ni wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, na Bahari ya Shamu. Kwetu anapita mbali, tena kwa woga.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kuvichanganya. Mtu huchukua jina la Rhapta, soko la mwisho la Azania, kutoka Periplus, latitudo yake kutoka kwa Ptolemaios, cheo cha "mji mkuu" kutoka kwa huyo huyo, dhahabu kutoka kwa Kosmas, kisha anaeleza mji ambao hakuna Mgiriki hata mmoja aliyeueleza. Baina ya cha kwanza na cha mwisho ni karibu miaka 500, na kila mmoja alikuwa akijibu swali lake.

Periplus: bei, bidhaa na mwendo wa siku

Ni kitabu kifupi, sura 66. Kinaanzia bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu, kinashuka na pwani ya Afrika hadi Rhapta, kisha kinarudi juu na kufuata Uarabuni hadi India. Azania imepata sura nne tu, ya 15 hadi ya 18. Zinasomwa dakika kumi, lakini kila sentensi imebeba mzigo.

Chukua orodha ya bidhaa kwenye sura ya 17. Zinazoingia ni mikuki inayotengenezwa Mouza, bandari ya Yemeni, kwa ajili ya soko hili hasa. Mashoka, visu, misharasi midogo, na vijiwe vya kioo vya namna mbalimbali. Sehemu nyingine hupelekwa mvinyo na nafaka si kidogo, ila anaeleza wazi kuwa hivyo haviuzwi: ni vya kujipatia urafiki wa wenyeji. Mwenye jicho la biashara ndiye anayekumbuka kutenganisha mzigo wa kuuza na mzigo wa kukirimu. Zinazotoka ni pembe za ndovu kwa wingi, ingawa anasema si nzuri kama za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu. Pembe za faru. Na gamba la kasa, ambalo analipa nafasi ya pili kwa ubora baada ya la India.

Angalia pia kisichokuwemo. Hakuna dhahabu. Hakuna watumwa katika orodha ya Rhapta. Watumwa anawataja bandari za kaskazini, hasa Opone, ambayo ni Hafun ya Somalia ya leo. Anayetaka kuthibitisha dhahabu ya Kilwa au soko la watumwa la Unguja kwa kuitumia Periplus amejikwaa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Sura ya 15 inakifikia kisiwa cha Menouthias, na hapo msomaji wa pwani hahitaji maelezo ya ziada. Kisiwa ni tambarare na kina miti, kina mito na ndege wa kila aina. Kuna vyombo vidogo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, vyote vya kuvulia samaki na kukamatia kasa. Badala ya nyavu, watu wa kisiwa hutega vikapu vya kusuka kwenye midomo ya vijito vya maji ya bahari. Yaani madema. Na vyombo vilivyoshonwa ni jamaa ya mitepe iliyoendelea kusafiri baina ya Lamu na Unguja hadi karne ya 20 inaingia. Mwandishi anasema Rhapta imepata jina lake kwa vyombo hivyo.

Sura ya 16 ndiyo ya utawala. Rhapta ni soko la mwisho la Azania. Kwa haki ya zamani iko chini ya mtawala wa Mapharitis huko Yemeni, na watu wa Mouza wamepewa kuitoza ushuru. Hupeleka majahazi yenye manahodha na mabaharia ambao wengi ni Waarabu, watu waliozoeana na wenyeji, wameoa kwao, wanazijua pwani na lugha yake. Lugha hiyo hakuitaja jina. Wala hakusema nyumba zilijengwa kwa nini, watu waliabudu nini, au mji ulikuwa na watu wangapi. Ukiona makala inayoyasema hayo na kuinukuu Periplus, iweke kando.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo Periplus inapowashinda wenzake. Haitoi latitudo, inatoa miendo, yaani safari ya chombo kwa siku. Wataalamu huuhesabu mwendo mmoja kuwa stadia 500 hivi, na stadia moja kuwa meta 185. Mwendo mmoja basi ni kama kilomita 92. Fuata hivi:

Anzia Opone, maana mahali pake panajulikana. Neville Chittick alichimba Hafun mwaka 1975 akakuta vigae vya vyombo kutoka Misri ya enzi za Warumi. Kutoka hapo kuna miendo 6 ya miamba, 6 ya fukwe ndefu, na 7 ya vituo vya Azania, kuanzia cha Sarapion na cha Nikon, hadi visiwa vya Pyralaoi. Jumla 19, sawa na kilomita 1,760. Pima kwenye ramani kutoka Hafun hadi Lamu kwa mstari ulionyooka: utapata kama kilomita 1,800. Pwani hiyo haina ghuba kubwa za kukuzungusha, kwa hiyo mstari ulionyooka hauko mbali na njia ya chombo. Ndiyo maana wengi wanakubali kuwa Pyralaoi ni visiwa vya Lamu.

Kutoka Pyralaoi endelea miendo miwili ya usiku na mchana. Kila mmoja ni stadia 1,000, kwa hiyo miwili ni kilomita 370. Hapo unatokea baina ya Pemba na Unguja, na ndipo ugomvi unapoanza. Periplus inasema Menouthias iko stadia kama 300 kutoka bara, yaani kilomita 55. Pemba iko karibu kilomita 50, Unguja si zaidi ya 40. Kwa umbali, Pemba inashinda. Lakini kisiwa kinaelezwa kuwa tambarare, na Pemba ni vilima na mabonde. Kwa sura, Unguja inashinda. Wako pia wanaoitetea Mafia, ambayo kwa kipimo cha stadia 300 iko karibu mno na bara.

Kutoka Menouthias ongeza miendo miwili, kilomita 185. Ukianzia Pemba unafika maeneo ya Dar es Salaam. Ukianzia Unguja unafika delta ya Rufiji, eneo ambalo Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelitetea kwa miaka mingi. Pangani nayo ina watetezi wake, wanaokata miendo kuwa mifupi zaidi. Kwa hiyo Periplus inakupa kipande cha pwani, haikupi nukta ya kuchomeka bendera.

Hesabu hii huharibika mahali pawili. Pa kwanza ni urefu wa stadia. Wapo wanaotumia meta 157 badala ya 185. Ukifanya hivyo miendo 19 inakuwa kilomita 1,500 tu, na Pyralaoi inahamia Kismayu. Kabla ya kukubali hoja ya mtu kuhusu Rhapta, tafuta kwanza ametumia stadia ipi. Pa pili ni maandishi yenyewe. Nakala yenye thamani tuliyonayo ni moja tu, iko Heidelberg, ya karne ya 10, na mnakili wake wa Kibizanti alikuwa akinakili majina asiyoyajua. Penye Menouthias ameunganisha herufi mpaka neno halisomeki, na wahariri wamelitengeneza kwa kukisia. Anayejenga nadharia nzima juu ya mstari huo mmoja anajenga mchangani.

Ptolemaios: nyuzi na dakika zinazodanganya macho

Jiografia ni kazi kubwa, vitabu vinane, yenye majina ya mahali kama 8,000, mengi yakiwa na longitudo na latitudo. Kwa msomaji wa leo huo ndio mtego. Namba zinaonekana za kisayansi, zina nyuzi na dakika, na mkono unakwenda wenyewe kwenye ramani ya simu.

Ras ya Rhapta ameiweka nyuzi 8 na dakika 25 kusini. Leo latitudo hiyo inaangukia baina ya delta ya Rufiji na Kilwa Kivinje. Mji wa Rhapta, ambao yeye anauita mji mkuu na kuuweka ndani kidogo kwenye mto, uko nyuzi 7 kusini, yaani chini kidogo ya Dar es Salaam. Ras Prason, mwisho wa dunia aliyoijua upande huu, iko nyuzi 15, sawa kabisa na kisiwa cha Msumbiji. Inavutia, na watu wameandika kurasa kwa kurasa juu yake. Lakini angalia alipoanzia. Ras ya Aromata, ambayo ni Guardafui, kwake haizidi nyuzi 6 kaskazini, na mahali pake pa kweli ni karibu nyuzi 12. Mtu aliyekosea nyuzi sita mwanzo wa njia, akapatia mwisho wa njia hiyo hiyo, kapatia kwa bahati.

Sababu ya makosa inajulikana, na ni nzuri kuifundisha darasani. Hakuna aliyesimama Rhapta akapima kivuli cha jua. Ptolemaios alikaa Aleksandria na maandishi ya Marinos wa Tiro, aliyekuwa amekusanya maneno ya wasafiri watatu. Diogenes, akirudi kutoka India, alikamatwa na upepo wa kaskazini karibu na Aromata, akashushwa siku 25 hadi usawa wa maziwa ya Nile, kaskazini kidogo ya Rhapta. Theophilos aliondoka Rhapta na upepo wa kusini, akafika Aromata siku ya 20. Dioskoros alitoa makadirio ya safari kutoka Rhapta hadi Prason. Kwa mtu wa pwani hii habari inasomeka vizuri kuliko ilivyosomeka Aleksandria: mmoja kachukuliwa na kaskazi, mwingine kapanda na kusi. Kila mmoja alihesabu siku, na siku za baharini hazilingani.

Marinos alizigeuza siku kuwa stadia, 1,000 kwa kila usiku na mchana. Fanya hesabu hiyo kwa Theophilos: siku 20 ni stadia 20,000, kilomita 3,700. Umbali wa kweli kutoka pwani ya Rufiji hadi Guardafui ni kama 2,500. Ptolemaios aliona kasoro na akamkosoa mwenzake waziwazi, kwamba hakuna chombo kinachokwenda kasi ile ile siku zote hizo. Marinos alikuwa amelisukuma eneo la Agisymba, mwisho wa nchi zinazokaliwa kusini, hadi nyuzi 24 kusini. Ptolemaios akaurudisha mwisho wa dunia inayokaliwa kwenye nyuzi 16 na dakika 25, umbali ule ule ambao mji wa Meroe, katika Sudani ya leo, uko kaskazini mwa ikweta. Yaani alipunguza kosa kwa kulinganisha pande mbili, si kwa kupima. Na juu ya hayo alihesabu kila nyuzi kuwa stadia 500, wakati Eratosthenes kabla yake alitumia 700. Dunia yake nzima ni ndogo kuliko ilivyo.

Mahali pawili Ptolemaios anapingana na Periplus moja kwa moja, na hapo huwezi kuchukua vyote viwili. La kwanza ni Menouthias. Periplus inakifikia kisiwa kabla ya Rhapta. Ptolemaios amekiweka mbali kusini yake, nyuzi 12 na nusu, huko baharini upande wa Prason. Ndiyo maana utakuta ramani zinazokiita Komoro au hata Madagaska. Walioandika hivyo walikuwa wakimsoma Ptolemaios, wale wa Pemba na Unguja walikuwa wakisoma Periplus. Katika hili nafuata Periplus bila kusita: mwandishi wake anaeleza kinachovuliwa pale na kinavuliwaje, Ptolemaios ana namba mbili tu.

La pili ni mwisho wa bahari. Periplus, sura ya 18, inasema kuwa baada ya Rhapta bahari haijachunguzwa, ila inapinda kuelekea magharibi na kuungana na bahari ya upande wa pili. Ptolemaios aliifunga. Kwake nchi isiyojulikana inatoka Prason, inazunguka kusini na kuungana na Asia, Bahari ya Hindi inabaki kama ziwa. Mfanyabiashara asiye na jina alipatia, mwanasayansi mkubwa akakosea, na kosa ndilo lililosambaa. Jiografia ilifufuliwa Konstantinopoli na mtawa Maximos Planoudes mnamo 1295, ikatafsiriwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15, na ramani zake zikatawala Ulaya hadi Wareno walipoizunguka ras ya kusini. Kwa somo la namna maarifa ya Wagiriki yalivyopita mikononi mwa Wabizanti hadi Italia, hakuna kitabu bora kuliko hiki kati ya vitatu hivi.

Kuhusu Milima ya Mwezi, ambayo theluji yake kwa maelezo yake hulisha maziwa ya Nile, neno moja linatosha. Stanley aliihusisha na Ruwenzori mwishoni mwa karne ya 19, wengine huitaja Kilimanjaro. Ptolemaios ameichora kama safu ndefu nyuzi 12 na nusu kusini, mahali ambapo hakuna milima ya theluji. Alichosikia ni kwamba ndani ya bara kuna maziwa na theluji. Hilo ni kweli, na zaidi ya hapo usimbebeshe.

Kosmas: dunia ya sanduku, macho ya mfanyabiashara

Wengi humwacha Kosmas kwa sababu ya hoja yake kuu, kwamba dunia si mviringo bali ina umbo la hema la ibada la Musa, sakafu ya pembe nne na mbingu juu yake kama kifuniko cha sanduku. Hata Wabizanti wenyewe hawakumkubali wote. Photios, patriarki wa Konstantinopoli katika karne ya 9, alimkosoa vikali. Lakini usimtupe. Akiacha kubishana na kuanza kueleza alichokiona, anaaminika.

Kwa Azania ana kidogo sana. Anaijua nchi iitwayo Zingion, iliyo mbele ya Barbaria ya uvumba, yaani pwani ya Somalia, na wengi huihusisha na Zanj ya Waarabu waliokuja baadaye. Hakufika. Anasimulia kwamba chombo chao kilipokaribia upande huo wakaona kundi kubwa la ndege wa baharini, na abiria na mabaharia wakampigia kelele nahodha apinde kushoto aingie ghuba, wasije wakachukuliwa na mkondo hadi bahari kuu wakapotea. Hiyo ndiyo Zingion ya Kosmas: mahali pa kugeuzia usukani. Baina yake na yule wa karne ya 1 anayetaja hata misharasi, umbali ni mkubwa, na wenyewe unakueleza jambo kuhusu biashara ya Wagiriki wa Misri ilivyokuwa imepungua upande huu.

Aksum ni habari nyingine kabisa. Huko Adulis, bandari iliyoko Eritrea ya leo, mnamo 525 aliombwa yeye na mwenzake aitwaye Menas wanakili maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye kiti cha marumaru na jiwe lililokuwa nyuma yake, kwa ajili ya mfalme wa Aksum aliyekuwa akijiandaa kuvuka kwenda vitani Yemeni. Jiwe lilimhusu mfalme Ptolemaios III wa Misri, si yule wa Jiografia. Kiti kilikuwa cha mfalme wa Aksum. Mawe yenyewe hayapo tena, tunayo nakala yake tu, na wanahistoria wanaitumia hadi leo.

Ameeleza pia biashara ya dhahabu ya Sasou, na hii inafaa kusomwa polepole. Kila miaka miwili mfalme wa Aksum hupeleka watu kupitia kwa gavana wa Agau, wakifuatana na wafanyabiashara zaidi ya 500. Hubeba ng'ombe, chumvi na chuma. Wakifika hujenga zeriba ya miiba, huchinja, na kutundika vipande vya nyama juu ya miiba pamoja na chumvi na chuma. Wenyeji huja na vipande vya dhahabu mfano wa kunde, huweka kimoja au zaidi juu ya kile wanachokitaka, kisha husogea kando. Mwenye mali akiridhika huchukua dhahabu, na mwenyeji huja kuchukua nyama au chumvi. Asiporidhika huiacha dhahabu pale. Mwenyeji ataongeza au atachukua chake aondoke. Hakuna neno linalosemwa. Hukaa kama siku tano, na safari nzima ni miezi sita.

Dhahabu hii ni ya nyanda za ndani za Ethiopia na jirani zake. Si ya Sofala, si ya Kilwa. Anayeipeleka pwani anamsingizia Kosmas.

Nakala zake za kale, kongwe ikiwa ya Vatikani ya karne ya 9, zina michoro ya dunia, ya wanyama na ya kiti cha Adulis. Twiga aliwaona kwa mfalme wa Aksum. Faru alimwona hai kwa mbali, na mwingine akamwona ikulu, ngozi iliyojazwa majani makavu. Mwalimu wa sanaa ya Kibizanti atapata humu asichokipata kwa wale wawili.

Toleo lipi, na kwa nani

Kwa Periplus, tafsiri ya Schoff ya 1912 inapatikana bure mtandaoni, na ya Lionel Casson ya 1989 ina Kigiriki upande mmoja pamoja na maelezo marefu. Ukiweza, pata Casson. Tofauti si ya mapambo. Kwenye sura ya 16 neno moja limeharibika katika nakala ya Heidelberg. Schoff, akifuata masahihisho ya zamani, anawafanya watu wa pwani kuwa watu wa tabia za uharamia. Casson anafuata masahihisho mengine, nao wanakuwa wakulima, watu wa miili mikubwa, kila mmoja akijitawala mahali pake. Ukisoma makala inayowaita watu wa Rhapta maharamia, umeshajua mwandishi alisoma tafsiri ipi.

Kwa Ptolemaios, tahadhari ni mbili. Tafsiri ya Kiingereza ya Berggren na Jones ya mwaka 2000 ni bora lakini ina sehemu za nadharia tu. Habari za Diogenes na Theophilos zimo, orodha ya latitudo za Azania haimo. Ile ya Stevenson ya 1932 ina orodha, ila imejaa makosa na haifai kunukuliwa katika kazi ya chuo. Toleo kamili la kutegemewa ni la Stückelberger na Graßhoff la 2006, Kigiriki na Kijerumani. Namba hazihitaji ujue Kijerumani. Kosmas anapatikana kwa Kiingereza cha McCrindle cha 1897, na kwa Kifaransa cha Wanda Wolska-Conus, ambacho ndicho chenye Kigiriki kilichohaririwa vizuri. Msomaji wa Kongo, Rwanda au Burundi aliyesoma kwa Kifaransa ameshinda hapa.

Mwongoza watalii wa pwani ya Tanzania au Kenya achukue sura nne za Periplus, azijue kichwani, na akiulizwa Rhapta iko wapi ataje maeneo matatu na sababu zake badala ya kunyoosha kidole. Mwalimu wa sekondari aongeze hesabu ya Theophilos, maana wanafunzi wanaifanya wenyewe kwa dakika tano na wanaliona kosa kwa macho yao. Anayeandika riwaya ya zama hizo atapata bidhaa na vyombo kwenye Periplus, pepo na hofu ya bahari kwa Kosmas. Kwa Ptolemaios hatapata kitu cha kumtia mhusika mkononi. Mwanafunzi wa Aksum au wa Ukristo wa kale aanze na Kosmas, kitabu cha pili na cha 11, aziruke kurasa za umbo la dunia mpaka atakapozihitaji.

Mwanafunzi wa chuo mwenye swali la Azania asome kwa mpangilio huu: Periplus 15 hadi 18, kisha rudi 7 hadi 14 uone bandari za Somalia zinavyotofautiana, kisha Ptolemaios, kitabu cha kwanza, sura ya 9 na ya 17, halafu cha nne, sura ya 7. Fungua daftari lenye safu mbili, moja ya kila mwandishi, na usiruhusu namba ya safu moja ivuke kwenda nyingine bila kuandika pembeni kwa nini umeivusha. Na unaponukuu, taja namba ya sura, usitaje ukurasa: sura ni zile zile katika kila toleo na kila lugha, kurasa hubadilika.